Nani Atamrithi Chatu Wako?

Wakati wa mavuno ya mpunga, bonde la Bugarama, hapa Rwanda, huwa halina siri. Mabua yakishafyekwa na maji yakishapungua kwenye mifereji, kila kilichokuwa kimejificha hutoka hadharani: panya, ndege, vyura, na mara mojamoja nyoka. Jioni moja ya msimu kama huo alinijia kijana wa mtaani kwetu, gunia begani, mdomo wake umefungwa kwa kamba mafundo matatu.

"Shikamoo mzee. Nimepata chatu. Mdogo tu. Nataka nimfuge."

Tulilifungua gunia taratibu. Alikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, mnene kama kidole gumba, mwenye madoa ya kahawia yaliyozungushiwa mistari ya njano, na ngozi iliyong'aa kama iliyopakwa mafuta. Alikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Nilimwuliza kijana: "Ukioa, mkeo atamkubali? Na siku ukifa, nani atamrithi?"

Alicheka. Mimi sikucheka, na ninachoandika hapa ndicho nilichomweleza jioni ile, pamoja na mengine ambayo giza lilituzuia kuyamaliza.

Kwanza tujue tunazungumzia nani. Huyu ndiye chatu wa Afrika, ambaye kwa Kinyarwanda tunamwita uruziramire, nyoka mkubwa kuliko wote barani. Akitoka yaini huwa hajafika mita moja. Akikomaa hufikia mita 3 hadi 5, na wachache huvuka hapo. Jike huwa mkubwa kuliko dume, na jike aliyeshiba maisha yake yote anaweza kufikia kilo 50, uzito wa mfuko wa saruji mnaouona ukipakiwa kwenye malori. Tofauti ni kwamba mfuko wa saruji hautambai wala haujikunji. Hana sumu. Hung'ata kwa meno yaliyopinda kuelekea ndani, kisha hujiviringisha na kubana. Watu husema huvunja mifupa au humnyima mnyama pumzi tu, lakini watafiti waliompima panya aliyebanwa na nyoka wa ukoo wa jirani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, waligundua kwamba damu yenyewe husimama kuzunguka, na ndani ya sekunde chache moyo huanza kushindwa. Kwa hiyo usijifariji kwamba utapata muda wa kupiga kelele na kusubiri jirani amalize kuvaa viatu.

Sasa miaka. Chatu aliyetunzwa vizuri huishi miaka 20, na wengine hukaribia 30. Kulikuwa na chatu wa jamii yenye umbo dogo ya Afrika Magharibi katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, aliyepokelewa pale mwaka 1961. Mwaka 2020 alitaga mayai akiwa amevuka miaka 60, bila kukutana na dume kwa zaidi ya miaka 15. Huyo wa kwetu ni wa jamii nyingine na simwahidi mtu miaka 60. Lakini kijana wa miaka 19 anayeleta nyoka nyumbani leo anapaswa kujiona akiwa na miaka 45, ana watoto, labda amehamia Kigali au amepata kazi Uvira, na nyoka yule yule bado anasubiri chakula. Mbwa utamlia na kumsahau. Huyu anaweza kukulia wewe, ingawa sidhani kama analia.

Hilo nalo lisemwe mapema. Chatu hatakupenda. Atakuzoea, yaani ataacha kukuogopa, na harufu yako haitamshtua. Hayo ndiyo mapenzi yake yote. Anayetaka kiumbe cha kumkimbilia mlangoni akanunue mbwa.

Baada ya miaka, njoo kwenye chakula, maana hapo ndipo wengi huanguka. Mdogo hula panya mmoja kwa wiki. Panya hawana shida Bugarama, utasema, mpunga umejaa panya. Ndiyo, lakini panya wa shambani amepita kwenye dawa ya kuulia panya na dawa za mimea, na ana minyoo yake. Ukimlisha nyoka panya aliyekula sumu, umemlisha sumu. Kwa hiyo utalazimika kufuga panya wako mwenyewe, ndani ya nyumba, na kumweleza mama mkwe kwa nini. Nyoka akikua, anahamia kwa sungura. Chatu mkubwa anatosheka na sungura mmoja mzima kila baada ya wiki tatu hivi, na kumzidishia ni kumnenepesha hadi ini lijae mafuta. Piga hesabu: sungura mmoja kila wiki tatu ni 17 kwa mwaka. Kwa miaka 20 ni sungura 340. Weka bei ya soko lako, zidisha, kisha kaa chini kidogo.

Ndiyo maana nilimwambia yule kijana: ufugaji wa chatu ni ufugaji wa sungura. Jenga banda la sungura kwanza. Uwe na majike wawili na dume, uwape majani, uwaondolee mavi, uwatibu upele wa masikio, uone wanavyokufa kwa mvua ya Aprili. Ukiweza hilo kwa mwaka mzima bila kuwaacha hata wiki moja, njoo tuzungumze habari ya nyoka. Wengi watagundua kwamba wanapenda sungura, na sungura anauzika. Hapa kwetu tunajua maana ya mnyama mwenye faida: tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka umewapa familia maskini ng'ombe, na mwenye kupewa humpa jirani ndama jike wa kwanza. Ng'ombe hutoa maziwa na samadi. Chatu jike hutaga mayai 30, 50, wakati mwingine zaidi. Nenda kamgonge jirani mlango, umwambie umemletea ndama wake.

Usimlishe mnyama aliye hai. Hili si suala la huruma kwa sungura tu, ingawa huruma nayo ina nafasi yake. Panya aliyefungiwa na nyoka asiye na njaa humtafuna nyoka mgongoni hadi mfupa uonekane, na kidonda hicho huoza. Mwue mnyama haraka, mbali na banda, kisha umpe nyoka kwa koleo refu. Koleo, si mkono. Ajali nyingi za wafugaji zinatokana na jambo dogo: mtu ameshika kuku au sungura, hakunawa, akaingiza mkono bandani. Nyoka haoni kwamba huyu ni mwenye nyumba. Anasikia joto na harufu ya chakula, basi. Nawa kwa sabuni kabla, na unawe tena baada, kwa sababu nyingine: mavi ya wanyama watambaao hubeba salmonela, vimelea vinavyoharisha vibaya watoto wadogo. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano si nyumba ya chatu. Hapo sina mjadala.

Bugarama ina jambo moja ambalo mfugaji wa Ulaya angelilipia pesa nyingi: joto. Tuko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mahali pa chini kuliko pote Rwanda, na mchana wetu karibu unamtosha chatu, anayetaka sehemu ya banda iwe na nyuzi 30 hivi na sehemu nyingine iwe na ubaridi wa kumwezesha kuchagua. Lakini mchukue nyoka huyo huyo kwenye kikapu, upande naye basi hadi Musanze, kwenye mita 1,850, na umlishe jioni. Usiku ukiingia na baridi ya volkano, tumbo lake linasimama kazi. Sungura anaozea ndani. Nyoka atatapika, na asipotapika, atakufa. Akipona hapo, homa ya mapafu inamsubiri: utamwona akiinua kichwa juu, mdomo wazi, mapovu puani. Kwa hiyo aliye Kigali au Musanze anahitaji taa au kitanda cha joto, kipimajoto kinachoaminika, na jibu la swali hili: umeme ukikatika siku mbili, utafanya nini?

Kuhusu daktari sitasema mengi. Madaktari wetu wa mifugo wanajua ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku, na wanawajua vizuri. Kabla hujamchukua nyoka, mwendee daktari wa sekta yako, umwulize kwa heshima kama amewahi kumtibu chatu mwenye kuoza kinywa au aliyejaa utitiri chini ya magamba. Akitabasamu, umeshapata jibu.

Banda sasa. Nyumba zetu nyingi ni tofali za udongo na bati, na kati ya ukuta na bati kuna uwazi wa kupitisha hewa. Uwazi huo unampenda chatu. Popote kichwa chake kinapopita, mwili utafuata, na ana usiku mzima wa kujaribu. Mwezi Agosti 2013 huko Campbellton, mji mdogo wa Kanada, chatu wa Afrika alitoka kwenye banda lake ndani ya nyumba iliyokuwa juu ya duka la wanyama. Alipitia tundu la hewa, dari ikashindwa uzito wake, akaangukia chumba ambamo watoto wawili ndugu walikuwa wamelala. Wote wawili walikufa. Kila nikikumbuka habari ile sifikirii ukubwa wa nyoka. Nafikiria tundu la hewa.

Kwa hiyo banda la chatu mkubwa ni chumba. Urefu wake usipungue mita 2 na nusu, upana mita moja na zaidi, ukuta wa saruji au mbao nene, wavu mnene wa chuma juu ya kila tundu na si wavu wa mbu, mlango wenye bawaba imara na kufuli mbili, ufunguo kwa mtu mzima peke yake. Ndani kuwe na beseni zito la maji analoweza kuzama mwili wote, kwa sababu chatu hupenda kulala majini, hasa anapokaribia kujivua gamba. Kuwe na pango la kujificha, hata pipa lililokatwa. Asipopata pa kujificha hatakula, na wewe utadhani anaumwa. Na chumba hicho kisiwe njia ya kupitia kwenda chumba kingine. Nani ana chumba cha ziada cha namna hiyo Bugarama? Wapo, lakini wengi wao wamekipangisha.

Nguvu zake tuzione kwa mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2009, karibu na Malindi pwani ya Kenya, mfanyakazi wa shamba alimkanyaga chatu wa mita 4 hivi. Nyoka akamviringa na kumburuta hadi juu ya mti. Yule bwana alimng'ata mkia, akamfunika kichwa kwa shati asimmeze, na mkono ulipopata nafasi akatoa simu na kupiga. Polisi na wanakijiji walimshusha kwa kamba, nyoka naye akashuka pamoja naye. Yule alikuwa mtu mzima wa kazi za mikono, mwenye simu na mwenye akili ya haraka. Huko Hampshire, Uingereza, mwaka 2017, kijana mfugaji alikutwa amekufa chumbani mwake, na chatu wake yuko nje ya banda. Nyoka yule alikuwa na mita 2.4 tu. Hata hajafikia ukubwa ambao vijana hujisifia kwenye picha.

Ndiyo maana wafugaji wazoefu wana kanuni wasiyoivunja: nyoka akikaribia urefu huo, hakuna anayemgusa peke yake. Msaidizi awe mtu mzima, awe chumbani, na awe anajua la kufanya. Akikubana, msaidizi amfungue kuanzia mkiani, asivute kichwa, maana kuvuta kichwa kunazidisha meno kuzama. Usimvae shingoni. Picha ya nyoka shingoni inapendeza simuni, lakini shingo ndiyo sehemu ya mwili inayohitaji kubanwa kwa muda mfupi kuliko zote ili mtu afe. Wengine huweka karibu chupa ya pombe kali ya kummwagia mdomoni aachie. Mtu wa Bugarama akisikia pombe kali atawaza kanyanga, pombe iliyopigwa marufuku, na kanyanga itakupeleka kituo cha polisi kabla ya nyoka. Weka siki au spiriti ya dukani.

Hilo la watu wawili lina mizizi hata kwetu Afrika Mashariki. Usukumani, Tanzania, vikundi vya ngoma vimecheza na chatu kwa vizazi vingi, na kila Juni watu hujaa Bujora, karibu na Mwanza, kwenye sherehe za Bulabo kuwatazama. Mgeni anaona mtu mmoja na nyoka mmoja. Nyuma yao kuna chama kizima, ujuzi uliorithiwa, wazee wanaosimamia, vijana wanaofundishwa. Kijana mwenye gunia hana chama. Ana simu na rafiki mmoja aliyekimbia alipomwona nyoka.

Na sheria? Mnyama wa porini nchini Rwanda si wa aliyemwokota. Kuna sheria ya bayoanuwai ya mwaka 2021, na wanyamapori wako chini ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Kabla ya kumweka nyoka ndani hata usiku mmoja, uliza kibali, kwanza kwa viongozi wa mudugudu, yaani kijiji, na wa sekta, ambao watakuelekeza juu zaidi. Sisi wa Bugarama tuna kishawishi cha ziada. Kongo iko pale Kamanyola, Burundi iko ng'ambo ya Ruhwa, na mtu akisikia kwamba ngozi au nyoka hai ana mnunuzi upande wa pili, miguu inawasha. Chatu wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na nchi zote tatu ni wanachama. Kumvusha nyoka mpakani bila karatasi, hata ndani ya ndoo ya dagaa, ni kosa pande zote mbili za daraja. Nanyi ndugu zetu mlio Marekani mnaoona chatu wa nyumbani wakiuzwa na mkapatwa na hamu ya kwenu: serikali ya nchi hiyo iliwaingiza chatu wa Afrika kwenye orodha ya wanyama waharibifu mwaka 2012, kwa hiyo msithubutu kuagiza.

Sababu ya Marekani kufika hapo inatuhusu. Florida kusini, watu walinunua chatu wadogo kutoka Asia, wakakua, watu wakawachoka, wakawatupa mabwawani usiku, na wengine wakatoroka. Leo wamezaliana kiasi kwamba sungura, rakuni na wanyama wengine wadogo wametoweka sehemu kubwa ya mabwawa yale. Mtu wa Bugarama atasema: lakini huyu ni wa hapa hapa, nikichoka nitamrudisha kwenye mto Rusizi. Fikiria tena. Chatu aliyekaa nawe miaka saba hamwogopi mtu. Amefundishwa kwamba hatua za miguu na mlango unaofunguliwa maana yake ni chakula. Ukimwachia mtoni, hataelekea kwenye matete. Atafuata nyumba, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wakiwa kwenye kazi ya pamoja ya umuganda wanafyeka, watamkuta kando ya njia hakimbii. Unajua kitakachofuata: mudugudu wako una mapanga mangapi? Na kama alipata utitiri au ugonjwa kwako, amewapelekea wenzake wa porini.

Kwa hiyo swali la urithi si mzaha. Anayeamua kufuga, na ana kibali, na ana chumba, na ana sungura, aandike jina la mtu wa pili. Mtu huyo aulizwe, akubali kwa mdomo wake mbele ya mashahidi, aje alishe mara kadhaa mwenye nyoka akiwepo. Kaka mdogo anayesema "sawa" huku akitazama mpira hahesabiki. Usipompata mtu huyo, hujapata ruhusa, hata kama una karatasi ya serikali mfukoni.

Anayewapenda nyoka kwa kweli ana njia nyingine, na naona haya kusema kwamba ni rahisi zaidi, lakini ndivyo ilivyo. Bujumbura kuna Musée Vivant, ambapo nyoka na mamba huonekana kwa karibu, na mpaka ukiwa wazi ni safari ya asubuhi. Entebbe kuna kijiji cha wanyama watambaao. Watamu, Kenya, kuna Bio-Ken, iliyoanzishwa mwaka 1980, ambako watu husomea kazi ya kushika nyoka, na nyoka hutolewa sumu kwa ajili ya dawa. Kijana mwenye moyo wa nyoka anaweza kuufanya moyo huo ujira. Na yupo chatu wa bure, yule aliye shambani. Nyakach, Kenya, mwaka 2003, chatu jike alilalia mayai kando ya kijiji. Waliotaka auawe walibishana na waliotaka aheshimiwe, naye aliendelea kuatamia huku watu wakimiminika kumtazama. Mama chatu hukaa na mayai zaidi ya miezi miwili bila kula, akijiviringa juu yake. Wanasayansi wa Afrika Kusini wamemwona wa jamii ya kusini akikaa na watoto hata baada ya kuanguliwa, wakirudi usiku kulala ndani ya mikunjo yake. Hiyo huwezi kuiona ukiwa na banda.

Sisemi tumwache popote. Chatu mkubwa anayezunguka zizi la mbuzi au uwanja wanapocheza watoto ni jambo la kuripoti kwa viongozi, bila kusubiri. Lakini mdogo wa urefu wa mkono, katikati ya mpunga, anakula panya wale wale wanaokula mpunga wako. Mshahara wake unaujua.

Giza lilikuwa limeanza kuingia nilipokatiza, na kijana alikuwa kimya kwa muda. Kisha akauliza kama sungura jike anazaa mara ngapi kwa mwaka. Nikamwambia mara nne, hata tano akitunzwa. Akafunga gunia, fundo moja tu mara hii. Tulimpitia mkuu wa mudugudu tukamweleza, naye akaja nasi na tochi, akibaki hatua kumi nyuma muda wote. Pale kwenye mfereji alipomwokotea, kijana alilaza gunia chini, akalegeza mdomo wake, akarudi nyuma. Nyoka alichelewa kutoka. Alipotoka hakututazama, akaingia kwenye mabua na maji yakatikisika kidogo.

Kijana alilikung'uta gunia akalikunja. Lilikuwa la mama yake, na kesho yake walikuwa na mpunga wa kuanika.